Anodi Husimama Kushoto

Ninyi mnaojiunga na kidato cha tano mchepuo wa sayansi mtakutana na elektrokemia, na wengi wenu mtaichukia kabla haijawakosea lolote. Mimi nimeifundisha tangu enzi za kugawana chaki vipande mpaka siku nilipokabidhi funguo za maabara, katika shule moja nje kidogo ya Tinde ambayo jina lake naliacha kwa sababu wahusika bado wanapita mtaani. Sasa naishi Katoro kwa binti yangu. Kila nikimwona mwanafunzi ameinamia simu, anamtazama kijana fulani wa Dar es Salaam akieleza anodi kwa picha zinazotembea, namwonea wivu kijana huyo. Nasema wazi, maana ninayotaka kuwasimulia ni habari ya wivu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Lakini simu ni wivu wa uzeeni. Wivu wangu mkubwa, ule ulioninyima usingizi nikiwa na nguvu zangu, ulikuwa kwa Mwalimu Luhende.

Tulikuwa walimu wawili wa kemia. Mimi nilishika kidato cha tano, yeye cha sita. Maana yake elektrokemia ilianzia kwangu, kwenye jasho, ikamalizikia kwake, kwenye matokeo. Watoto walipofaulu, mkuu wa shule alimpongeza Luhende. Walipofeli, aliniuliza mimi kama msingi niliuweka sawasawa. Hebu niambieni, nani angevumilia.

Na alikuwa mnene, tena unene wa raha. Tulikula michembe ileile, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwenye chumba cha walimu, kutoka sufuria moja, lakini kwangu ilipita tu. Fundi cherehani wa Tinde alikuwa akinipima suruali huku akisikitika. Luhende alicheka na tumbo lake likacheka naye, wanafunzi wakampenda kabla hajafungua mdomo. Mimi ilinibidi nifungue mdomo.

Basi nikabuni mbinu. Niliona watoto wanakariri kwamba anodi hupoteza elektroni na kathodi hupokea, na wakifika kwenye mtihani wanageuza. Kichwa cha mtu hakishiki maneno matupu, kinashika kitu alichokwisha kukiona. Wengi wao walitoka kwenye nyumba za wafugaji, wakijua kitu kimoja kuliko vyote. Nikawaambia: elektroni ni ng'ombe wa mahari. Upande wa mwanaume unatoa, zizi linapungua, huo ni anodi. Upande wa binti unapokea, zizi linajaa, huo ni kathodi. Njia wanayoswagwa ng'ombe ni waya. Na lile daraja la chumvi linalounganisha vikombe viwili, cha anodi na cha kathodi, ni mshenga, anayekwenda huku na huku akituliza pande zote, hachukui ng'ombe hata mmoja, lakini akiondoka yeye mambo yote yanasimama.

Walinielewa siku hiyohiyo. Nilitoka darasani nimenyoosha mgongo.

Nikaiendeleza. Metali zote nikazipanga kwa jinsi zinavyotoa ng'ombe. Potasiamu na sodiamu ni vijana wenye pupa ya kuoa, wanatoa kabla hawajaombwa. Zinki anatoa kwa moyo mweupe, ndiyo maana bati jipya la nyumba hupakwa zinki, ili hewa na mvua zikija kudai, atoe yeye na chuma kilicho chini kisalimike. Shaba anatoa kwa shida. Dhahabu ni mchoyo kabisa, hatoi kwa hewa wala kwa maji, na ndiyo sababu watu wa Geita wanaichimba ikiwa bado inang'aa wakati jembe ulilolisahau shambani tangu masika limekwisha kuliwa na kutu. Hilo la dhahabu halikuwahi kusahauliwa na mtoto yeyote.

Mbinu ilikuwa na matundu yake, nami nayataja ili mkibuni za kwenu msidhani zitashika kila kichwa. Mwaka mmoja nilikuwa na binti wa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka Shinyanga mjini, mwerevu, mwandiko wa kupendeza. Kila zoezi aligeuza. Nikamwita mezani.

"Mwalimu, wewe umesema upande wa mwanaume unatoa," akaniambia kwa heshima. "Lakini bibi yangu alipoolewa, kwao ndio waliotoa vitu. Mimi nimefuata ya bibi."

Nikamwomba awe Msukuma kwa kipindi cha kemia tu. Akacheka, akawa Msukuma, akafaulu.

Mwingine, kijana wa Runzewe, alisimama akauliza, "Mwalimu, na ndoa ikivunjika, ng'ombe wakarudishwa?" Darasa likaangua kicheko, likidhani nimekamatwa. Hilo nilikuwa nalo jibu. Nikamwambia hiyo ndiyo betri inayochajiwa: ng'ombe wanalazimishwa kurudi njia ileile waliyokwenda nayo, aliyekuwa akipokea sasa anatoa, na lile zizi lililokonda linaanza kujaa. Siku hiyo nilijiona mwalimu bora kuliko wote kuanzia Nzega hadi Kahama.

Kisha Luhende akaleta ngoma.

Nyote mmeona mbina, yale mashindano ya ngoma ambapo makundi mawili yanapambana uwanjani kuvuta watazamaji. Luhende aliwatoa kidato cha sita nje, akawapanga safu mbili zikitazamana, mmoja akipiga dumu tupu. Safu ya kushoto ilishika changarawe. Kwa kila mdundo walipitisha changarawe kwa mnyororo wa wenzao waliokuwa waya, na kila aliyetoa alichuchumaa kidogo, na kila aliyepokea alitunisha kifua. Mwisho safu nzima ya kushoto ilikuwa chini, ya kulia imevimba kama majogoo. Shule nzima ilijaa madirishani. Darasa langu lilijaa madirishani, na mimi nikiwa ubaoni na ng'ombe wangu wa mahari.

Nilisema ofisini kwamba zile ni kelele, si kemia. Nilisema watoto watakumbuka dumu na kusahau elektroni. Luhende akanisogezea sahani ya michembe, akaniambia, "Kula, Makoye, unakonda." Nilikula.

Nina kisa kimoja nilichokuwa nakitumia kujifariji. Nimekisimulia harusini, nimekisimulia kwenye sherehe yangu ya kustaafu Luhende akiwa amekaa meza ya mbele. Nitawasimulia kama nilivyokuwa nakisimulia siku zote.

Asubuhi kwenye paredi, walimu tulisimama mbele ya wanafunzi pande mbili za mlingoti wa bendera. Ukiwa upande wa wanafunzi, mimi nilikuwa kushoto na Luhende kulia. Sijui nani alitupanga, tulizoea tu. Tatizo la kushoto ni kwamba mkuu wa shule, mama mmoja mkali asiyerudia jambo, alisimama kulia, na mgeni yeyote kutoka wilayani alimsalimia yeye kisha akampa mkono aliyekuwa jirani yake, yaani Luhende. Mkono ulipofika kwangu ulikuwa umechoka. Mwaka fulani, muhula wa mitihani ya majaribio, nikaamua kuwahi. Nikasimama kulia, karibu na mama. Luhende akafika, akanitazama, akaenda kushoto. Yule mtu hakuwa na wivu hata chembe, na hilo nalo lilinikera.

Mtihani wa majaribio wa kidato cha sita ukaja, elektrokemia ikatoka, na darasa karibu lote likachora seli kinyume. Anodi kulia. Katika uandishi wa seli waliweka shaba kwanza na zinki baadaye, wakati kanuni inataka anodi iandikwe kushoto. Mama alituita sote wawili. Mimi nikasema, "Hayo ndiyo matunda ya dumu." Luhende akasema pole pole kwamba kwenye ngoma yake safu inayotoa ilikuwa kushoto siku zote, haelewi. Hakuna aliyeelewa. Mama akatutoa ofisini na onyo moja kwa wote wawili.

Baada ya siku chache dada mkuu alinifuata maabara. Aliitwa Milembe, binti wa wakulima wa pamba, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Akapiga goti kidogo akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, wanafunzi wamenituma. Tunaomba pale paredi urudi upande wako wa kushoto. Tumezoea kukuona pale. Usipokuwepo tunapotea."

Tunapotea. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani. Kesho yake nikarudi kushoto, na wageni wakaendelea kumpa mkono Luhende, nami sikujali. Yeye alikuwa na mkuu wa shule. Mimi nilikuwa na wanafunzi waliopotea wasiponiona. Hicho ndicho kisa, na kwa miaka yote ndicho kilichonilinda na tumbo la Luhende.

Sasa sikieni kilichotokea mwaka huu.

Nilikuwa nimekaa barazani hapa Katoro nikitazama bodaboda zikigombania abiria, gari likasimama, akashuka mama mtu mzima aliyevaa buti za kazi.

"Shikamoo, Mwalimu Makoye."

"Marahaba. Wewe ni Milembe."

Alifurahi kwamba nimemtambua. Ningemsahau vipi. Akaniambia ni meneja wa mtambo mmoja wa kutenganisha dhahabu nje ya mji, ambao wenyewe wanauita elusheni. Ana vijana wengi, wengine wametoka vyuoni na wengine wamejifunzia kazini, na wote wanachanganya anodi na kathodi. Juzi mmoja aliunganisha waya kinyume, na dhahabu iliyokwisha kushika ikaanza kurudi kwenye maji. Bosi alitaka kumfukuza.

"Nimemwombea asifukuzwe," akasema. "Nimesema nitaleta walimu wangu. Nikusumbue uje uongee nao?"

Nikasema nitakuja hata leo. Kisha masikio yangu yakarudi nyuma kidogo.

"Umesema walimu?"

"Wewe na Mwalimu Luhende. Yeye atatokea Tinde."

Nilimwambia ni vizuri. Usiku ule binti yangu aliniuliza kwa nini napiga pasi shati ambalo limekwisha kupigwa pasi.

Nilifika mapema, wivu hauchelewi. Vijana walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya paa la bati, na nyuma yao kulikuwa na matangi, na lile sanduku lenye mabamba ambamo dhahabu hushika kwenye nyuzi laini za chuma, zinafanana na zile za kusugulia masufuria. Luhende hakuwa amefika. Nikamshukuru Mungu, nikaanza mahari yangu.

Walipenda. Nawaambia kweli, walipenda. Yule kijana aliyekosea waya alikaa mbele, macho hayabanduki. Nilipofika kwa dhahabu mchoyo walicheka mpaka mlinzi akasogea. Nikawaeleza kwamba hapa kwenye mtambo kazi ni ya kulazimisha: umeme unawaswaga ng'ombe mpaka kwenye zile nyuzi, na dhahabu iliyoyeyuka kwenye maji inawapokea na kugeuka kuwa dhahabu ngumu. Anodi hukonda, kathodi hunenepa, nikasema. Ukikumbuka hilo huwezi kukosea waya.

Yule kijana akanyoosha mkono. "Mzee wangu, mbona sasa anodi zetu hazikondi? Yale mabamba yapo vilevile tangu nimeanza kazi."

Jibu nilikuwa nalo, nalijua kama jina langu, lakini uzee una tabia ya kukuficha vitu ulivyoviweka mwenyewe. Na hapo, nyuma ya viti, sauti ikasema:

"Kwa sababu si bamba linalotoa, mwanangu. Hapo kinachotoa ni maji. Bamba lenu ni la chuma kisicholiwa, limesimama kama lango la zizi, ng'ombe wanapita tu. Angalia utaona mapovu pale. Yale mapovu ndiyo alama kwamba maji yametoa. Kutoa kupo palepale kwenye anodi, ila anayetoa amebadilika."

Alikuwa Luhende. Ameshuka kwenye bodaboda aliyoichukua stendi, ameshika fimbo. Nilimtambua kwa sauti, maana mwili haukuwa wake. Sukari ilikuwa imemmaliza. Tumbo halikuwepo. Mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya na ncha yake imezunguka mpaka nyuma. Nilisikia uchungu, na papo hapo, Mungu anisamehe, nikasikia wivu kwamba jibu amelitoa yeye na vijana wanamwitikia kwa kichwa.

Tukaamkiana. Akakaa. Milembe akasimama mbele yetu.

"Walimu wangu hawa wamewapa mbinu zao," akawaambia vijana. "Mimi niwaambie mbinu niliyoitumia mimi, ambayo darasa letu lote tuliitumia, na wao hawaijui mpaka leo."

Tukatazamana, mimi na Luhende.

"Asubuhi walisimama mbele yetu, huyu kushoto, huyu kulia. Mwalimu Makoye alikuwa mwembamba, Mwalimu Luhende alikuwa mnene. Kushoto amekonda, kulia amenenepa. Anodi, kathodi. Makoye anatufundisha kwanza, anamalizika, tunachukua tulichopewa tunakipeleka kwa Luhende, kinaonekana kwake. Waya ni sisi. Ukifika kwenye mtihani unafumba macho, unawaona, unachora."

Vijana wakageuka kututazama. Luhende alikuwa ameanza kutikisika kwa kicheko.

"Milembe," nikasema. "Ule mtihani wa majaribio."

"Ulikuwa umehamia kulia, Mwalimu. Tumetoka paredi tumeingia moja kwa moja kwenye chumba cha mtihani. Kila nikifumba macho nakuona wewe kulia. Darasa zima."

"Na ulipokuja maabara kuniomba nirudi."

Akainamisha kichwa kama wakati ule alipokuwa dada mkuu. "Tulitaka anodi irudi kushoto, Mwalimu. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia."

Kisa changu cha harusini na cha kustaafu. Tunapotea. Walipotea kweli, kwa sababu mchoro ulikuwa umegeuka. Nilitazama chini, nikaziona nyuzi zilizolegea kwenye pindo la suruali yangu, nikasikia Luhende anacheka bila sauti, anafuta macho kwa kiganja. Nikamwonea wivu kwa mara nyingine, maana katika hadithi ile pia yeye ndiye aliyenenepa.

Milembe akatuomba tusimame ili vijana waone. Sikuelekezwa. Nikaenda kushoto. Luhende akaja kulia taratibu na fimbo yake, akaniegemea begani kidogo kwa sababu mguu mmoja haumtii, na nikamshika.

Yule kijana wa waya akatutazama kwa makini, akaona kinachoonekana. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Shikamooni wazee wangu. Lakini sasa wa kulia naye amekonda. Ikiwa hivyo tunakumbuka vipi?"

Milembe alitaka kumkatisha. Luhende akainua mkono kumzuia, akanigeukia, akanitazama kwa yale macho yaliyobaki makubwa usoni.

"Huo ndio wakati wa kuchaji, mwanangu," akasema. "Mwalimu Makoye alinifundisha. Nilikuwa nasikiliza dirishani kwake, yule kijana wa Runzewe alipouliza. Mimi nimepokea miaka yote ile. Sasa ng'ombe wanarudi kwa mwenyewe."

Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Milembe alikuwa amegeuka anapangusa machozi. Nilitaka kusema kitu nami, kitu kinacholingana na hicho, nikatafuta kwenye kemia yote niliyonayo nikakosa, kwa hiyo nikaendelea kumshika mkono ili asianguke, mpaka tulipompandisha kwenye bodaboda yake.

Basi wanangu, shikeni mbinu yoyote mtakayoishika, ya ng'ombe, ya ngoma, au hata ya kijana wa kwenye simu. Mimi nimerudi hapa barazani na siku zimepita, na bado najiuliza kwa nini maneno yale hayakunijia mimi. Mahari ilikuwa yangu. Kijana wa Runzewe alikuwa mwanafunzi wangu. Na neno zuri kuliko yote lililowahi kusemwa juu ya mahari hiyo amelisema Luhende.